Mto Juu ya Ubao

Mchezo ni mwalimu wa kwanza wa binadamu. Kabla mtoto hajajua kushika kalamu amekwisha jifunza kuhesabu kwa kete, kupima nafasi kwa kuruka kamba, na kuvumilia zamu ya wenzake kabla ya kupata zamu yake mwenyewe. Hata hivyo, wakubwa wengi huutazama mchezo kwa jicho la dharau. Husema kuwa ni burudani ya wasio na kazi, na mwanafunzi akikutwa anacheza huulizwa ataanza lini kusoma. Insha hii yataka kuonyesha kuwa dharau hiyo haina haki. Itaeleza habari za mchezo mmoja uliotokana na mto uliokauka, ukachezwa na watu wazima, wakulima na wafugaji na watumishi wa serikali, katika nchi ya jirani zetu Tanzania. Kisha itauliza ni jambo gani mchezo huo uliweza kulifundisha, na ni jambo gani lililoushinda.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kuambiwa kuwa mchezo unaweza kubeba elimu nzito. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu asiyelijua hudhani kuwa wazee wanaoliinamia chini ya mwembe wanapoteza wakati. Walakini mchezaji hodari hulazimika kuyaona mambo ambayo bado hayajatukia: kete aitiayo hapa itazaa nini kule, na pupa ya sasa itamgharimu nini baadaye. Mataifa mengine nayo yalitambua mapema nguvu ya elimu ya namna hii. Mwaka 1812 Mprussia mmoja wa ukoo wa von Reisswitz alitengeneza mchezo wa vita, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa luteni, aliuboresha ukakubaliwa na wakuu wa jeshi la Prussia. Maafisa walisogeza vipande vidogo juu ya ramani, wakarusha dadu, na mwamuzi akatoa hukumu. Huko Marekani, mwaka 1904, mwanamke aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wa ubao alioutunga ili watu waone jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kodi huku wapangaji wake wakifilisika.

Michezo hiyo miwili haikufanana kwa shabaha. Mmoja ulifundisha kushinda vita, wa pili ulifundisha kuchukia unyonyaji. Lakini ilikuwa na siri moja. Mchezo humruhusu mtu kukosea bila kuangamia. Jenerali aliyeshindwa juu ya ramani hakuzika askari hata mmoja, na mpangaji aliyefilisika juu ya ubao alikwenda nyumbani akala chakula chake cha jioni. Tena mchezo humweka mtu mahali pa mwenzake. Hotuba humwambia tajiri kuwa maskini anateseka. Mchezo humfanya tajiri kuwa maskini kwa muda wa saa moja. Kwa sababu hizi mbili, mchezo ulikuwa chombo kilichongoja kutumiwa katika somo la maji.

Maji ni somo gumu kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi huweza kukariri mzunguko wa maji, jinsi jua linavyoyainua mvuke kutoka baharini, mvuke ukawa mawingu, na mawingu yakarudisha mvua, akapata alama zote katika mtihani, asijue bado kwa nini jirani yake wa bondeni hana maji ya kunywa. Ugumu wake hauko katika maji yenyewe, bali katika watu wanaoyatumia. Wahenga walisema kuwa aliye juu mngoje chini. Methali hiyo humfariji mnyonge kwa kumwahidi kuwa mwenye kiburi atashuka siku moja. Katika mambo ya mto, lakini, aliye juu hashuki kamwe. Shamba lake liko mlimani na litabaki mlimani. Aliye chini hungoja, naam, lakini anachongojea ni masazo. Na aliye juu anapofungulia mfereji wake haoni machozi ya mtu yeyote. Huona maji yanang'aa juani, huona miche inasimama, huenda akamshukuru Mungu. Madhara ya tendo lake yako umbali wa siku mbili za mwendo, na macho yake hayafiki huko.

Wanachuoni wamebishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika makala mashuhuri, akatoa mfano wa malisho ya shirika. Kila mchungaji akiongeza ng'ombe mmoja, alisema, faida ni yake peke yake, lakini hasara ya majani kuliwa hugawanywa kwa wote. Basi kila mmoja ataongeza, na mwishowe malisho yatakufa. Hardin alidhani kuwa mali ya shirika haiwezi kusalimika isipokuwa ishikwe na serikali kwa nguvu, au igawanywe iwe ya watu binafsi. Elinor Ostrom, mwanamke wa Marekani vile vile, hakuridhika na hukumu hiyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alikusanya mifano ya watu waliotunza malisho, misitu, samaki na mifereji yao kwa karne nyingi kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Sisi hatukuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa maneno yake. Kwenye ukingo wa bonde la Kerio, hapa Kenya, Wamarakwet wamechimba mifereji inayoshuka kwenye majabali tangu zamani za mababu, na koo zimegawana maji yake kwa zamu zinazojulikana. Wachagga wa Kilimanjaro wana mifereji yao waiitayo mifongo. Katika jamii hizo mtoto hakufundishwa kugawana maji kwa kitabu. Alifuatana na wazee kwenda kuzibua mfereji, akaona nani anapewa maji na saa ngapi, na akasikia faini aliyotozwa mwizi wa maji. Lakini mfereji wa ukoo ni mfupi, na watu wake wanajuana kwa majina. Je, itakuwaje mto ukiwa na urefu wa mamia ya kilomita, na watu wake wakiwa wa makabila mengi, wasiojuana wala kuonana? Swali hili ndilo linalotupeleka Usangu.

Usangu ni uwanda mpana wa kusini-magharibi mwa Tanzania, katika Mkoa wa Mbeya. Umezungukwa upande wa kusini na magharibi na milima yenye mvua nyingi, na kutoka milima hiyo mito mingi hushuka ikakutana uwandani kuwa mto mmoja, Ruaha Mkuu. Mto huo huingia katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Mwisho wa kinamasi, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, mto huendelea na safari. Yakipungua yakawa chini yake, mto hukatika. Ng'ambo ya kizingiti mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo viboko, mamba, tembo na nyati huutegemea wakati wa kiangazi. Kisha hufika katika bwawa la Mtera na bwawa la Kidatu yanakofuliwa umeme, na mwishowe huungana na mto Rufiji uendao Bahari ya Hindi. Hivyo tone moja la mvua lililoanguka katika milima ya Mbeya huweza kuotesha mpunga, kunywesha ng'ombe, kuogesha kiboko na kuwasha taa mjini Dar es Salaam. Lakini haliwezi kuyafanya yote hayo ikiwa mtu wa kwanza amelimaliza.

Zamani Usangu ilikuwa nchi ya Wasangu, chini ya watawala wa ukoo wa Merere. Katika karne ya 20 watu wengi walihamia huko. Wabaluchi waliokaa Rujewa walilima mpunga kwa maji ya mifereji kabla ya uhuru. Baadaye walikuja wakulima wa makabila mengine kutoka milima ya jirani, na Wasukuma na wafugaji wengine pamoja na makundi yao ya ng'ombe. Serikali nayo ilifungua mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, kila moja yapata hekta 3,000. Mchele wa Mbeya ukawa na sifa katika masoko ya nchi nzima, na kila aliyeweza kupata jaruba alilima. Kufikia miaka ya mwisho ya karne, katika mwaka wa mvua njema, mpunga ulifunika hekta zipatazo 40,000. Si haki kuwaita watu hao waharibifu. Walikuwa wakitafuta ada ya shule, mabati ya nyumba na chakula cha watoto, na waliyapata.

Mwaka 1993, mwishoni mwa kiangazi, Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi. Mchanga ulionekana mahali palipokuwa na maji, na viboko walibanana katika madimbwi ya matope. Watu walidhani kuwa ni balaa ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata ulikatika tena, kisha tena, ikawa ni desturi yake kila kiangazi, mara kwa majuma machache, mara kwa miezi. Katika miaka hiyo hiyo taifa lilipatwa na upungufu wa umeme, kwa maana maji ya mabwawa yalikuwa yamepungua, na lawama zikaanza kuruka kama cheche. Wakulima wa chini waliwalaumu wakulima wa juu. Wakulima wote waliwalaumu wafugaji kuwa ng'ombe wao wanakanyaga kinamasi. Watu wa mjini waliilaumu Usangu yote kwa giza lililowapata.

Wataalamu walipochunguza walikuta kuwa ukweli haukufuata njia ya lawama. Upungufu wa umeme ulitokana zaidi na jinsi mabwawa yalivyoendeshwa, maji yakitumiwa kwa wingi bila kuwekewa akiba ya kutosha, kuliko na mpunga wa Usangu. Lakini kukatika kwa mto ndani ya hifadhi kulitokana kweli na maji yaliyochukuliwa wakati wa kiangazi. Mabanio ya zamani yalikuwa ya miti, mawe na majani, nayo yalivuja, hivyo sehemu ya maji iliteleza ikaendelea na safari. Mabanio mapya yalijengwa kwa saruji kwa nia njema ya kumwokoa mkulima na taabu, lakini yaliweza kuukamata mto mzima wakati maji yalipokuwa haba. Zaidi ya hayo, maji yaliachwa yatiririke mifereji mitupu kiangazi, mara nyingine ili ndoo chache tu zifike kijijini kwa matumizi ya nyumbani, huku sehemu kubwa ikinywewa na udongo na jua njiani. Sheria nayo ilileta tatizo lake. Haki ya maji iliandikwa kwa kiasi cha lita kwa sekunde, na mwenye haki akalipa ada. Mtu aliyelipa ada huona kuwa maji ni mali yake, masika na kiangazi, na hasikii neno la kuyapunguza.

Mwaka 2001 Frederick Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, alitangaza kuwa serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka tena mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Ahadi ilikuwa kubwa. Katika miaka hiyo ndipo Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji wa Chuo Kikuu cha East Anglia huko Uingereza, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, walipowaletea watu wa Usangu mto juu ya ubao.

Chombo chenyewe kilikuwa rahisi. Ni ubao mkubwa uliowekwa mteremko, wenye mto uliochorwa kutoka juu hadi chini na mifereji inayoutoka kando. Mifereji hiyo huishia kwenye mashimo madogo, na mashimo hayo ndiyo majaruba. Maji ni gololi za kioo. Mtu mmoja huzimwaga kutoka kichwani mwa ubao, nazo huteremka kwa kishindo. Wachezaji huuzunguka ubao, kila mmoja mahali pake, wakiwa na vijiti vidogo mikononi. Kijiti ni banio: ukikilaza mtoni gololi hupinda na kuingia katika mfereji wako. Gololi nyingi ni masika, na gololi chache ni kiangazi. Mwisho wa ubao, baada ya mashamba yote, ndipo palipo kinamasi, wanyama, na watu wote wa chini wasiokuwa na kijiti.

Ili msomaji aone yaliyomo ndani ya mchezo huo, na tufanye hesabu ya mfano wetu wenyewe. Tuseme kuna vijiji vitano mtoni, kila kimoja na mashimo manane, na kila shimo latosheka kwa gololi moja. Mahitaji yote ni gololi 40. Masika twamwaga gololi 60. Kila kijiji kikichukua haki yake, mashimo yote 40 hujaa, na gololi 20 huendelea hadi kwa viboko. Lakini watu ni watu. Kijiji cha kwanza hujiambia kuwa gololi mbili kwa kila shimo ni salama zaidi kuliko moja, kikachukua 16. Cha pili na cha tatu hufanya vivyo hivyo. Tayari zimekwisha kwenda 48. Kijiji cha nne hupata 12 zilizobaki, na cha tano hakipati hata moja. Hakukuwa na ukame wowote. Ukame umetengenezwa na mikono ya watu katika mwaka wa neema.

Sasa tumwage gololi za kiangazi, nazo ni 15 tu. Kijiji cha kwanza huchukua nane, cha pili huchukua saba, na vijiji vitatu hubaki vikitazamana. Wachezaji wakiona hivyo hukasirika, hujadiliana, kisha husema kuwa dawa ni usawa: kila kijiji kichukue gololi tatu. Hesabu hutimia barabara, watano mara tatu ni 15, na kila mtu hutabasamu. Lakini tazama mwisho wa ubao. Hapana gololi hata moja iliyofika. Watu wamegawana kwa haki kamili, na mto umekauka vile vile. Wakitaka mto ufike, yawapasa kuchukua mbili mbili, yaani 10, ili tano zipite kwenda kwa wale wasiokuwapo mezani. Hapa ndipo somo lenyewe la hifadhi linapoanza. Kugawana kwa usawa kati ya waliohudhuria ni wema, lakini ni nusu ya wema. Nusu ya pili ni kumwekea sehemu yake asiyehudhuria: mnyama asiyejua kusema, mvuvi wa mbali, na mtoto ambaye hajazaliwa.

Mchezo ulichezwa na watu wa Usangu katika mikutano, na baada ya kucheza waliketi wakazungumza. Wataalamu waliousimamia walichapisha habari zake mwaka 2004. Wachezaji waliosimama juu walijikuta na gololi kuliko walizozihitaji, na wale wa chini walijikuta na mashimo matupu, na hakuna aliyeweza kukana kwa kuwa ubao ulikuwa mbele ya macho ya wote. Katika vijiji halisi mtu wa juu aweza kusema kuwa mvua ndiyo iliyopungua. Juu ya ubao idadi ya gololi inajulikana, na ikiwa hazikufika chini, basi ziko mahali fulani, na mwenye mahali hapo anaonekana. Tena mtu anayelima juu aliweza kusimamishwa chini, akaonja kungoja. Mambo ambayo yangesemwa kwa matusi katika mkutano wa kawaida yalisemwa kwa kicheko, na kicheko hakikuyapunguzia ukweli wake.

Mazungumzo yaliyofuata yaliwageuza watu kutoka kwenye swali la nani mwovu hadi kwenye swali la nini kifanyike. Neno lililokuwa likijulikana tangu zamani, zamu, lilirudi likiwa na maana mpya: siku hizi maji kwa wa juu, siku zile kwa wa chini, kwa kanuni ambayo pande zote zimeisikia. Yalitajwa pia mambo ya kufunga mifereji isiyokuwa na kazi kiangazi, na ya kuwachimbia watu visima ili wasihitaji mfereji mzima kwa ajili ya ndoo za nyumbani. Mawazo hayo hayakuwa mapya yote. Wataalamu wangeweza kuyaandika katika ripoti bila gololi hata moja. Tofauti ni kuwa ripoti ingewapa watu majibu, na mchezo uliwapa swali. Mtu huyalinda majibu aliyoyapata mwenyewe kuliko aliyoletewa.

Na sasa yatupasa kuwa wakweli, maana historia si hadithi ya kumfurahisha msomaji. Mchezo haukuuokoa mto. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika Ihefu na Usangu, na kazi hiyo iliendelea mwaka uliofuata. Wengi walikwenda mikoa ya mbali kama Lindi, wengine wakapoteza ng'ombe njiani. Mwaka 2008 eneo la Usangu pamoja na kinamasi liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010, ule wa ahadi, ulifika ukapita, na Ruaha Mkuu uliendelea kukatika wakati wa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha ondoka, lakini mabanio yalibaki.

Kwa nini mchezo haukutosha? Sababu ya kwanza ni kuwa juu ya ubao mtu hupoteza gololi, na shambani hupoteza chakula. Kuwa mkarimu kwa saa moja ni rahisi kuliko kuwa mkarimu kwa msimu mzima. Sababu ya pili ni kuwa walioshika vijiti vikubwa zaidi hawakuwa mikutanoni siku zote. Bei ya mchele hupangwa sokoni, mabwawa huendeshwa kutoka mbali, na amri za kuhamisha watu hutoka mijini. Wanakijiji wakikubaliana zamu leo, amri ya kesho yaweza kuipangua. Sababu ya tatu ni kuwa elimu bila kanuni na mtunza kanuni ni kama banio lisilo na mlango. Ostrom alipochunguza jamii zilizofaulu alikuta kuwa zote zilikuwa na walinzi na adhabu, ingawa adhabu za mwanzo zilikuwa ndogo. Wamarakwet walilijua hilo bila kusoma kitabu chake.

Hata hivyo, kusema kuwa mchezo haukutosha si kusema kuwa haukufaa. Pima vyombo vyote vilivyotumiwa Usangu. Saruji iliwapa watu maji zaidi, ikaukausha mto. Ada iliwapa watu risiti, ikawatia kiburi. Nguvu iliwaondoa watu, isiuponye mto. Katika vyombo hivyo vyote, ubao wa gololi peke yake haukumdhuru mtu, na peke yake uliwaketisha mahali pamoja watu wa juu na wa chini.

Shuleni mchezo una nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi bado hana shamba la kulitetea. Huko Marekani shirika la elimu ya maji liitwalo Project WET, lililoanzishwa mwaka 1984, lina mchezo ambao wanafunzi wenyewe huwa maji. Kuna vituo tisa: mawingu, bahari, mito, maziwa, barafu ya milimani, maji ya chini ya ardhi, udongo, mimea na wanyama. Kila mwanafunzi hurusha dadu ya kituo chake, nayo humwambia aende wapi au abaki. Aliyeingia baharini au katika barafu hurusha mara nyingi asitoke, na kwa kuchoka huko hujifunza jambo ambalo mchoro wa kitabu haumfundishi: kuwa maji hayazunguki kwa mwendo mmoja, na tone lililotoka mikononi mwetu laweza kukawia sana kurudi. Katika miaka ya 1980 Dennis Meadows, vile vile wa Marekani, alitunga mchezo wa wavuvi ambao kila kundi hununua mashua na kushindana kuvua, mpaka wote wagundue kwa pamoja kuwa bahari yao haina samaki tena.

Michezo ya namna hiyo haihitaji fedha nyingi. Ubao wa mbao laini, matuta ya udongo wa mfinyanzi, vijiti na gololi vyatosha. Gololi zikikosekana, komwe za bao zitateleza pia. Nasi hapa Kenya tunayo mito ya kuiweka juu ya ubao huo. Ewaso Ng'iro hushuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita katika mashamba ya mboga na maua, ukafika kwa Wasamburu na Waborana wa nchi kavu ambao kwao mto huo ni uhai. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa nafasi vyama vya watumiaji maji, ili watu wa juu na wa chini wakutane kabla ya kugombana. Wanafunzi wanaoucheza mto huo darasani watakuja kuwa wanachama wa vyama hivyo, au wakulima, au mawaziri. Yafaa kila mmoja wao awe amesimama angalau mara moja chini ya ubao, ameshika kijiti chake, akisikiliza mngurumo wa gololi kule juu na kuona kuwa haziji.

Kwa muhtasari, mambo matatu yadhihirika katika historia hii. Maji hayamalizwi na wabaya tu. Humalizwa pia na watu wema wasioona mbali. Kuona mbali kwaweza kufundishwa, na mchezo ni njia moja fupi na ya bei nafuu ya kukufundisha. Na mwisho, aliyefundishwa hajawa mtendaji mpaka awepo pia mkataba, mlinzi wake, na kiti cha yule asiyeweza kuhudhuria. Usangu walikuwa na mchezo kabla ya kuyapata hayo mengine. Kizazi kinachosoma sasa kina nafasi ya kuvipata vyote pamoja, wakati mito mingine ingali inatiririka.